Makaburi ya Mahame: Hela ya Saruji Ikae Kwanza

Hotuba kwa wanaukoo na majirani, Tanga

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na nyinyi watoto mliokaa mbele kwenye mkeka, hamjambo vilevile, maana mambo haya mwisho wake yatawaangukia nyinyi.

Katibu wa ukoo ameniomba nizungumze kuhusu makaburi yetu ya mahame, yaani kule tulikohama, akanionya nisichukue muda mrefu kwa kuwa pilau iko motoni. Nitajitahidi. Lakini nitasema mapema neno ambalo najua litawaudhi baadhi yenu, hasa mlioanza kutuma michango tangu picha za kwanza zilipozunguka kwenye simu. Hela ya saruji ikae kwanza. Ukuta usijengwe. Marumaru zisinunuliwe. Na lile wazo la geti la chuma lenye jina la ukoo kwa juu, naomba nalo lingoje.

Sikatai kutunza makaburi. Ninachokataa ni kuanzia mwisho. Ili mnielewe, turudi kwenye namna tulivyoyapoteza.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi kwenye vijiji si hiari tena, ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wamehamia. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka Operesheni Vijiji vizuri kuliko mimi. Nyumba zilivunjwa, milango ikang'olewa, masufuria na kuku vikapandishwa kwenye lori, watu wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Wengine walipata shule na zahanati ambazo kule mahameni hawakuwa nazo, na hilo tulitaje kwa haki, kwa sababu wengi wetu tunaojua kusoma tulisomea hukohuko. Ila lori lilibeba walio hai tu.

Miaka ya mwanzo mambo hayakuharibika. Waliozaliwa kule walikuwa bado wana sababu ya kurudi. Kulikuwa na nazi za kuangua, embe za msimu, mihogo iliyobaki ardhini. Wakipita, wanang'oa magugu mawili matatu na kusoma Fatiha. Hitima ya mwaka ikikaribia, vijana wanatumwa kwenda kufyeka. Kisha minazi ikazeeka, mihogo ikaisha, vichaka vikafunga njia. Aliyekuwa akiijua njia akafariki, naye akazikwa huku kijijini. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua tuwasahau wazee wetu. Safari za kwenda huko ziliisha, basi, na kumbukumbu ikafuata.

Sasa linganisheni na watu wa Shela, kule Lamu. Ng'ambo yao, kwenye kisiwa cha Manda, kuna mji uliokufa unaoitwa Takwa. Watu wake waliuhama kuelekea mwisho wa karne ya 17, na inasimuliwa kuwa waliovuka maji ndio walioanzisha Shela. Takwa imebaki na msikiti, mabaki ya ukuta wa mji, na kaburi la nguzo ambalo maandishi yake yana mwaka wa Hijria 1094, yaani 1683. Ni zaidi ya miaka mia tatu hiyo. Na bado watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwa mashua kwenda kwenye kaburi hilo kusoma dua na kuomba mvua. Nyumba za Takwa zimelala chini, paa la msikiti halipo, lakini kaburi lina wenyewe, kwa sababu lina siku zake. Mtoto wa Shela anakua akijua kwamba wakati fulani wa mwaka watu wazima hupanda mashua, naye siku moja atapanda.

Turudi hapa kwetu. Tongoni, kilomita kama 20 kusini mwa mji huu, kuna msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 ya mawe na chokaa, mkusanyiko ambao pwani yote ya Afrika Mashariki ina michache ya kufanana nao. Ni eneo la mambo ya kale, serikali inalilinda. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini mahali panajulikana na wageni wanafika. Wareno wa Vasco da Gama walipita kwenye maji hayohayo mwaka 1498, na mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, wakaichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Jina la meli iliyochomwa limo vitabuni. Majina ya wenyeji waliolala pale, kwa sehemu kubwa, hayamo popote. Ulinzi pale upo, na mawe yake ni mazuri kuliko yetu sisi mara kumi. Kilichopotea ni mtu wa kusema, "Huyu ni nani, na huyu alimzaa nani."

Ndiyo maana nasema tuanze na majina. Ukuta unaweza kujengwa mwaka wowote, mafundi wapo na mawe yapo. Yule bibi yetu wa nyumba ya mwisho kule juu, ambaye sitamtaja kwa sababu ataniambia nimemuaibisha mbele za watu, ana umri ambao kila mmoja wetu anaujua. Nilipokaa naye barazani alinipangia makaburi ya upande wa mwembe kwa namna ambayo hakuna mwanamume katika ukoo huu angeweza. Wanaume tulikuwa tunahesabu kwa baba: fulani bin fulani bin fulani. Yeye anahesabu kwa uzazi, kwa unyago, kwa nani alimnyonyesha mtoto wa nani baada ya mama yake kufa. Kwa hesabu yake makaburi manne ambayo sisi tuliyaandika "hayajulikani" yakapata watu. Wote wanawake. Katika orodha yetu ya nasaba, ile iliyopigwa chapa kwa fahari na kugawiwa kwenye harusi, hakuna hata mmoja wao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowaomba vijana ni kukaa na wazee. Nendeni na simu, rekodini sauti, lakini nendeni pia na daftari, kwa sababu simu hupotea na kumbukumbu yake hujaa. Msimkatize mzee mkimsahihisha miaka. Muulizeni alipozikwa mtu fulani yeye alikuwa na umri gani, alikuwa ameshaota, ameshaolewa, ilikuwa kabla ya njaa ile au baada. Mwaka utapatikana baadaye. Na mkimweza, mchukueni kwa bodaboda au kwa gari hadi mahali penyewe, kwa sababu kuna mambo ambayo mguu hukumbuka. Akisimama pale chini ya mkwaju anaanza kuonyesha kwa kidole kabla hujamaliza swali.

Sasa niseme namna ya kuyatambua, maana wengi mmeuliza tulijuaje kwamba pale ni makaburi.

Mahame hayajifichi kwa anayejua kuangalia. Miembe haioti yenyewe kwa mstari porini. Ukiona miembe mikubwa, mkwaju, mbuyu uliochongwa vishikio vya kupandia, kisima kilichojengewa mawe, na chini vigae vya vyungu kila unapokanyaga, hapo palikuwa na watu. Makaburi ya mawe yataonekana hata na mgeni. Yale ya udongo ndiyo yenye shida. Kiunza, ule ubao unaomfunika maiti, kikioza, udongo hushuka ndani ya mwanandani alimolazwa, na juu kunabaki kibonde chenye urefu wa mtu. Mvua inaweza kutengeneza kibonde, nguruwe anaweza, lakini mvua na nguruwe hawajui kibla. Sisi huku pwani Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea huko, kwa hiyo kichwa huwa mashariki na miguu magharibi. Mkikuta kibonde kimelala mashariki na magharibi, halafu kingine sambamba nacho, halafu kingine, simameni hapo, vueni viatu.

Na mkikuta kimoja kimekaa vingine, msiseme wazikaji walikosea. Katika ukoo huu wapo waliobatizwa Magila tangu siku za wamisionari, na wapo waliotangulia kabla ya dini hizi zote mbili kupanda huko juu. Andikeni kama mlivyoona.

Mashahidi ya mbao, yaani alama zinazosimamishwa kichwani na miguuni mwa kaburi, yameliwa na mchwa, tusiyatafute. Ya mawe yapo, mengine yameanguka kifudifudi. Hayo msiyasimamishe kwa kubahatisha. Jiwe la kichwani likisimamishwa miguuni umemgeuza mtu. Pigeni picha lilivyolala, pimeni kwa futi kamba kutoka kwenye miti mikubwa, liacheni.

Jambo dogo jingine: kokoto nyeupe. Niliona kwenye picha ya mmoja wenu kwamba walifagia kaburi likawa safi kabisa, wamezikusanya kokoto pembeni kama takataka. Songo Mnara, kule Kilwa, watafiti walizikuta kokoto nyeupe juu ya makaburi ya karne nyingi zilizopita, wakaziona kuwa ni alama za watu waliokuja kuzuru. Zetu huenda zilipelekwa na mama zetu. Zirudisheni juu ya kaburi, na wakati wa kufagia ondoeni majani tu.

Kuna suala la mabakuli. Wanaojua Kaole, karibu na Bagamoyo, au Kunduchi pale Dar es Salaam, wameona makaburi yaliyopambwa kwa mabakuli na sahani za kaure zilizotoka China na kwingineko, zikapachikwa kwenye ukuta au kwenye nguzo. Sehemu nyingi sasa imebaki tundu la mviringo tu, kwa sababu watu walizichomoa. Yetu pia yana matundu mawili. Sitaki kujua nani. Lakini kama katika nyumba ya mtu yeyote aliyepo hapa kuna sahani ya zamani ambayo haina hadithi ya kueleweka, iletwe kwa katibu usiku, imefungwa kwenye kanga, na hatutauliza.

Maandishi sasa. Tuna jiwe moja lenye tarehe inayosomeka. Kijana wetu mmoja, kwa furaha, alitangaza kwenye simu kwamba babu yetu alizikwa mwaka 1290, miaka mia mbili kabla ya Vasco da Gama, na kabla ya Ijumaa tulikuwa tumeshakuwa ukoo mkongwe kuliko wote Tanga. Tuliheshimika kwa siku kadhaa. Kisha maalimu akatukumbusha kwamba mwaka ule ni wa Hijria, na 1290 ya Hijria ilianza Machi 1873. Msicheke sana, hata hiyo si haba. Kule Gede, jirani na Malindi, kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na wachimbaji wa mambo ya kale walipata pa kushika katika kuupangia umri mji mzima kwa sababu ya jiwe hilo moja. Kwa hiyo jiwe letu msilipake chaki ili lisomeke kwenye picha, msilisugue kwa brashi ya waya, msilimwagie sabuni. Nendeni alfajiri au jioni jua likiwa chini, mwanga ukija kwa ubavu herufi zitajitokeza zenyewe.

Lakini mwaka 1873 haukuniacha hivihivi. Ni mwaka ambao Sayyid Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja. Soko lilifungwa, utumwa wenyewe haukuisha. Huku bara ulidumu kisheria hadi 1922, wakati wa Waingereza. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa, na miwa ile haikukatwa na wenye mashamba.

Mnisikilize vizuri hapa, na wazee wangu mniwie radhi.

Kule mahameni kuna msingi wa ukuta wa zamani, wa matumbawe, uliozunguka makaburi ya mawe. Nje ya msingi huo, upande wa magharibi, kuna vibonde vingine. Vimelala mashariki na magharibi kama vya ndani. Ni vingi. Havina mashahidi ya mawe. Nilipouliza ni vya nani, nilijibiwa kwa sauti ya chini, "Ah, wale walikuwa watu wa nyumbani." Wengine wakanyamaza, wakabadilisha mazungumzo. Kila mtu mzima katika chumba kile alielewa. Walikuwa watumwa wa babu zetu. Walilima, walichota maji, walilea watoto ambao ndio sisi, wengine walizaa na mabwana zao watoto ambao nao ndio sisi. Katika ukumbi huu kuna watu wenye damu ya ndani ya ukuta na damu ya nje ya ukuta kwa pamoja, na wapo wanaolijua hilo tangu utoto kwa namna walivyopangiwa pa kukaa kwenye shughuli. Tumezoea kusema "mkataa kwao ni mtumwa" bila kutazama nani ameketi pembeni yetu.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuzuia saruji. Fundi akifika kesho, atafuata msingi uliopo, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo bei nafuu. Ukuta utasimama, mzuri, umepakwa chokaa, na wale wa nje watakuwa wamewekwa nje kwa mara ya pili, safari hii kwa mchango wetu na kwa risiti. Baada ya miaka mitano dalali atapima hadi kwenye ukuta, atasema makaburi yako ndani, huku nje ni kiwanja. Hatakuwa amesema uongo.

Basi wahesabiwe wote kwanza. Ramani iwe moja, ya ndani na ya nje, namba zifuatane bila kujali ukuta. Dua ikisomwa, isomwe kwa wote. Penye jina tuandike jina, na kama jina ni lile la utumwani, kama wengine walivyoitwa kwa siku waliyonunuliwa au kwa mambo ya kejeli, tuwaulize wajukuu zao wanataka tuandikeje. Wajukuu zao wapo. Baadhi wamekaa hapa.

Niingie kwenye kazi za mikono, nipite haraka. Moto hapana. Najua ndiyo njia ya haraka ya kusafisha shamba, lakini matumbawe yakiunguzwa hupasuka na chokaa humomonyoka, na mashahidi ya mbao yaliyosalia, kama yapo, yatakwisha kwa mchana mmoja. Miti iliyoota juu ya makaburi isivutwe. Mzizi umeshaingia kati ya mawe, ukiuvuta unatoka na ukuta. Kateni shina chini kabisa, likichipua likateni tena, hadi lichoke. Ondoeni magugu kwa mkono na kwa fyekeo. Jembe lisiingie ndani ya eneo hata kwa bahati mbaya.

Kuhusu saruji yenyewe, acheni niwaambie kitu ambacho mafundi waashi wa zamani walikijua. Kuta za makaburi haya ni matumbawe na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Maji ya mvua na chumvi ya bahari huingia na kutoka. Ukilipiga kaburi plasta ya saruji, unakuwa kama umemvalisha koti la mvua mtu ambaye kwa ndani ameloa: unyevu hautoki, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na jiwe linaoza wakati nje panang'aa. Baada ya misimu kadhaa plasta inaanguka, na inaondoka na uso wa jiwe, maandishi na mapambo yake yote. Kama kuna pa kuziba, pazibwe kwa chokaa iliyolowekwa muda wa kutosha, na fundi anayeijua. Wapo, ingawa wengi wamezeeka na watoto wao wanafunga aluminiamu.

Wapo pia mtakaoniuliza hukumu ya dini. Mimi si shekhe, na shekhe yupo hapa, lakini mimi na nyinyi tumeisikia hadithi iliyopokewa katika kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Na tumesikia katika kitabu hichohicho kwamba alikuwa amewakataza watu kuzuru makaburi, kisha akawaambia wayazuru. Wazee wetu wa pwani walijenga, tunaona kwa macho, na masheikh wamelijadili hilo miaka na miaka. Mjadala huo siumalizi mimi hapa na pilau inanukia. Ninachokiona ni kwamba anayependa kujenga na asiyependa wote wanakubaliana juu ya kuzuru, na hilo halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Sheria sasa, nayo ndiyo itakayowagusa mfukoni.

Kwanza, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hiyo inahesabu kama kumbukumbu ya kale jengo au kaburi lililofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka uliowekwa na sheria, ndani ya karne ya 19. Jiwe letu la 1290 huenda limo, na mengine pembeni yake yanaonekana ya zamani zaidi. Kwa mawe ya zamani namna hiyo hamna ruhusa ya kuchimba, kubomoa wala kukarabati kwa akili zenu, hata kama ni babu yenu mzaa baba. Mnakwenda kwa wahusika wa mambo ya kale mnaomba ushauri na kibali. Inachosha, ndiyo. Lakini sheria hiyohiyo ndiyo itakayomzuia na mwenye tingatinga.

Pili, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, serikali inaweza kuamuru makaburi yahamishwe, kwa kutoa taarifa kwanza na kwa kulipia gharama za kuhamisha, kuzika upya na ibada zinazoambatana nazo. Tunaishi Tanga, tunajua mambo haya si ya mbali. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na njiani kote huko makaburi yaliyokuwa katika njia yake yalibidi yatafutwe, yahesabiwe, familia zake zijulikane. Fikirieni ofisa anayekuja mahameni kwetu na fomu. Anauliza, haya ni ya nani? Asipopata mtu wa kujibu, ataandika nini? Taarifa hupelekwa kwa anayejulikana.

Tatu, ardhi yenyewe. Mahame yale yamo ndani ya mipaka ya kijiji jirani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, msimamizi wa ardhi hiyo ni halmashauri ya kijiji, na kauli kubwa ni ya mkutano mkuu wa kijiji. Kuwa "ya kwetu tangu enzi" ni jambo tunalolijua sisi. Kijiji kinapopanga matumizi bora ya ardhi, kinagawa hapa makazi, hapa malisho, hapa mashamba, na pasipoandikwa kitu huonekana hapana kitu. Kwa hiyo kabla ya ukuta, ninataka wazee watatu waende kwa mtendaji na ramani yetu mkononi, waombe makaburi yaingizwe kwenye mpango wa kijiji kama eneo la makaburi, na njia ya kuingilia iandikwe pamoja nayo. Njia msiisahau. Makaburi yaliyozungukwa na mashamba ya watu bila njia, kila mwaka mtakuwa mnaomba ruhusa ya kupita kwenye mahindi ya mtu.

Nenda kwa heshima, maana kile ni kijiji cha watu. Waliokuja kulima pale mahameni baada yetu hawakuiba. Walikuta pori wakalima. Mmoja wao, mwenye mikorosho ya upande wa kusini, ndiye aliyeacha kukata ule mwembe mkubwa kwa sababu aliona mawe chini yake akasema haya ni ya watu. Alifanya hivyo bila kumjua yeyote kati yetu. Mkifika kule msalimieni kwanza, na siku ya kisomo aalikwe akae mbele.

Najua kuna upande wa bahari ambao sijaugusa. Wenzetu wa Kilwa Kisiwani wana makaburi ya Masheikh Arobaini ambayo maji yamekuwa yakiyala kidogokidogo, na Kilwa ni urithi wa dunia tangu 1981. Sisi tuko mbali kidogo na ufuko, tumepona kwa hilo kwa sasa, ingawa mikoko ikiendelea kukatwa kule mdomoni mwa mto sitawaahidi wajukuu zenu chochote.

Basi mapendekezo yangu kwenye kikao ni haya. Michango iliyokwisha kutolewa isirudishwe, ikae kwa mweka hazina, itumike kwa nauli za wazee, daftari, futi kamba, na chakula cha siku ya kufyeka. Tuchague siku ya kila mwaka. Mimi napendekeza Jumapili moja ndani ya Shaabani, kabla ya Ramadhani, ili walio Dar es Salaam na Mombasa wapange safari mapema na ndugu zetu Wakristo waje baada ya ibada. Siku hiyo isiwe ya wanaume peke yao. Wenye majina ni kina mama, kama mlivyosikia, na kama kuna atakayesema wanawake hawaendi makaburini, basi wakae kule chini ya mwembe wakituambia nani ni nani, sisi tukiandika. Na watoto waje. Wapewe kazi ya kushika upande wa pili wa futi kamba, hiyo hawaisahau.

Suala la ukuta tulirudie ramani ikishakamilika, tukijua mwisho wa makaburi uko wapi pande zote nne.

Nimemaliza, mwenyekiti. Ninamwachia katibu asome orodha ya majina tuliyonayo hadi leo, ya ndani na ya nje. Atasoma polepole. Mwenye kusahihisha anyanyue mkono, na mwenye jina lisilosomwa asingoje mwisho, alitaje hapohapo.